Ndege Ndogo, Safari Ndefu: Rekodi Zikipimwa kwa Jua la Isiolo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo ukiwa bado umelala, rubani wa ndege ndogo iliyolala Isiolo huanza siku yake kwa kuchuchumaa chini ya bawa. Ana kikombe cha plastiki angavu mkononi. Anakisukuma kwenye kijibomba kilicho chini ya tangi, anakinga mafuta kiasi cha vidole viwili, kisha anakiinua kikombe kuelekea jua linakochomoza. Avgasi, yaani petroli ya ndege, ina rangi ya samawati hafifu. Kama ina maji, maji hukaa chini ya kikombe, meupe na ya duara, kama shanga iliyodondoka. Rubani niliyemtazama aliiona shanga hiyo mara mbili. Alimwaga, akakinga tena, na mara ya tatu kikombe kilipokuwa safi ndipo alipohamia bawa la pili. Mafuta yale yalikuwa yametoka kwenye pipa, yakapita kwenye kitambaa cha ngozi laini cha kuchujia, na bado maji yalipata njia.

Tangu asubuhi ile nimezisoma upya rekodi za ndege ndogo nilizokuwa nikizikusanya kwa miaka. Zamani nilizisoma kama habari za ushujaa na mwendo. Siku hizi naona karibu kila moja ni habari ya mafuta: yalibebwaje, yalipatikana wapi, yalikwama wapi. Na nimefikia kuamini kwamba mtu anayetaka ndege ya kusafiri mbali akianzia Isiolo, aende Lodwar, Lamu, Zanzibar au hata kusini kabisa mwa bara, swali lake la kwanza liwe ndege hiyo inakunywa nini. Viti, mwendo na sura vije baadaye.

Iliyofika mbali zaidi

Mwezi Juni mwaka 1959, Mmarekani Max Conrad, mwenye umri wa miaka 56 na baba wa watoto kumi, alipaa kutoka Casablanca, Morocco, peke yake katika Piper Comanche, ndege ya injini moja na viti vinne. Alitua Los Angeles baada ya saa 58 na dakika 38. Alikuwa amekwenda maili 7,668, yaani zaidi ya kilomita 12,300, bila kugusa ardhi. Ukigawa, mwendo wake ulikuwa kama kilomita 210 kwa saa. Hakukimbia. Alichofanya ni kuondoa viti na kujaza matangi mahali pake, kisha akaiendesha injini polepole kiasi inachoweza kuvumilia. Novemba mwaka huo huo alirudi Casablanca na ndege ile ile ikiwa imefungwa injini dhaifu zaidi, ya nguvu farasi 180, na bado akafika El Paso, Texas, maili 6,967. Miaka kumi kabla yake, Bill Odom alikuwa ametoka Honolulu hadi New Jersey kwa Beechcraft Bonanza, maili 4,957 kwa saa 36.

Kilele cha habari hii ni Voyager. Desemba 1986, Dick Rutan na Jeana Yeager waliizunguka dunia kwa siku 9 bila kutua na bila kuongezewa mafuta, wakalikatiza bara letu kutoka mashariki kwenda magharibi wakiwa wamepanda juu sana, kwa oksijeni, kukwepa mawingu ya radi. Wakati wa kupaa ndege ilibeba zaidi ya tani 3 za mafuta, uzito uliofanya ncha za mabawa ziburuzike kwenye lami. Iliachana na ardhi baada ya kukimbia kama kilomita 4.3. Barabara ya kurukia ndege ya Isiolo ina urefu wa kilomita 1.4, kwa hiyo hata tatu za aina hiyo zilizounganishwa zisingetosha. Walipotua, mafuta yaliyobaki yalikuwa kilo 48 tu.

Naisimulia Voyager kwa sababu moja. Mafuta ni uzito, na uzito ni urefu wa barabara. Kila lita unayoongeza ili ufike mbali inakudai mita kadhaa kabla magurudumu hayajainuka.

Iliyokaa angani muda mrefu zaidi

Tarehe 4 Desemba 1958, Robert Timm na John Cook walipaa Las Vegas kwa Cessna 172 iliyoandikwa ubavuni jina la hoteli ya Hacienda. Walitua tarehe 7 Februari 1959. Siku 64, saa 22 na dakika 19. Walipokuwa wanaondoka, gari lilikimbia chini ya ndege na magurudumu yakapakwa rangi nyeupe, ili wakitua kwa siri alama ionekane.

Mafuta waliyapata jangwani. Lori lilikimbia kwenye barabara iliyonyooka, ndege ikashuka hadi karibu na paa lake ikienda mwendo uleule, wakateremsha ndoano na kuvuta mpira hadi kwenye tangi la ziada lililofungwa tumboni mwa ndege. Chakula kilipanda kwa kamba ndani ya chupa za thamosi. Walirudia kazi hiyo zaidi ya mara 100, mchana na usiku. Siku ya 39 jenereta ilikufa, pampu ya umeme ikafa nayo, na kuanzia hapo mafuta wakayapandisha kwa mkono kutoka tangi la tumboni hadi la bawani. Siku ya 36 Timm alikuwa amesinzia kwenye usukani, na ndege ikajiendesha kwa zaidi ya saa moja kati ya milima kabla hajashtuka.

Kinachonigusa mimi ni injini. Ilikuwa ya nguvu farasi 145, ya kawaida kabisa, na ilizunguka miezi miwili mfululizo. Injini ya ndege ndogo iliyotunzwa vizuri haichoki upesi kama watu wanavyoogopa. Kinachoiua kwa kawaida ni kukosa mafuta, au kuletewa mafuta machafu.

Iliyotengenezwa kwa wingi zaidi, na hesabu ya saa nane mchana

Cessna 172 hiyo hiyo ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani: zaidi ya 44,000 tangu 1956. Fundi wake yuko kila mahali, vipuri vyake vinajulikana, na marubani wengi wa Kenya walijifunzia ndani yake pale uwanja wa Wilson, Nairobi. Kwa hiyo ndiyo ya kwanza kupendekezwa, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu Isiolo ina hesabu yake.

Uwanja wa Isiolo, ule uliofunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2017, uko kama futi 3,500 juu ya usawa wa bahari. Si juu sana. Wilson iko zaidi ya futi 5,500. Lakini Wilson ina baridi ya Nairobi. Isiolo saa nane mchana joto linafika nyuzi 32, na hewa yenye joto ni hewa nyepesi. Ukipiga hesabu ya marubani, ndege iliyosimama Isiolo saa hiyo inajiona iko futi 6,400. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Basi 172 ya kisasa yenye nguvu farasi 180 inabaki na kama 145, sawasawa na ile injini ya Hacienda. Bawa nalo linapata hewa kidogo ya kushika. Katika usawa wa bahari siku ya baridi, ndege hii ikiwa imejaa inahitaji kama mita 500 kupaa na kuvuka mti wa mita 15. Isiolo mchana inataka yapata mita 800.

Kwenye kilomita 1.4 za lami, hakuna shida. Shida ni unakokwenda. Viwanja vya changarawe vya kaskazini vina migunga mwishoni, vina mashimo ya ngiri, vina mbuzi. Na kama umetua asubuhi kwa raha, ukakaa kula chakula cha mchana na wenyeji, kupaa saa nane ni jambo jingine kabisa.

Sasa uzito. 172 ya kisasa inaweza kubeba kama kilo 400 za watu, mizigo na mafuta kwa jumla. Ukijaza matangi, lita 200, umetumia kilo 144. Zinabaki kilo 256. Hao ni watu wazima watatu na begi moja dogo, si wanne kama viti vinavyodai. Viti vinne, kwa mtu anayesafiri mbali, ni viti viwili na mizigo.

Halafu kuna upepo. Kati ya Marsabit na Ziwa Turkana upepo wa mashariki hauachi kupiga. Ndio maana mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo imesimamishwa upande wa Loiyangalani. Isiolo hadi Lodwar ni kama kilomita 380 kwa mstari mnyoofu. Cessna 172 inakwenda kilomita 220 kwa saa. Ukisukumwa na upepo wa kilomita 60 kwa saa, unafika kwa saa moja na dakika 20. Ukirudi unaupinga, mwendo wako juu ya ardhi ni 160, na safari ni saa mbili na dakika 20 na zaidi. Kwenda na kurudi bila kuongeza mafuta kunameza kama lita 120. Inawezekana, akiba inabaki. Lakini mtu aliyepiga hesabu ya kurudi kwa kutumia muda wa kwenda, huyo amejidanganya kwa saa nzima angani, juu ya Bonde la Suguta, mahali ambapo hungependa kumtafuta mtu.

Na Mlima Kenya? Batian ni mita 5,199, futi 17,057. Kimo cha mwisho cha 172 kinachotajwa kwenye kitabu chake ni futi 14,000. Kwa hiyo ukitoka Isiolo kwenda Nairobi unauzunguka mlima, huupandi, na mawingu yakikaa chini asubuhi unasubiri.

Waliotangulia

Septemba 1936, Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, na kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi dhidi ya upepo, peke yake, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kutokea Uingereza. Alikuwa na miaka 33. Ndege ilikuwa Percival Vega Gull ya mbao, viti vinne, nguvu farasi 200, aliyoazimwa na John Carberry, mlowezi wa Kenya. Kibanda kilijazwa matangi. Utaratibu ulikuwa kuliacha tangi moja likauke kabisa, injini inyamaze, ndipo afungue jingine. Fikiria usiku, juu ya bahari, injini ikizimika na mkono ukipapasa kutafuta bomba. Baada ya zaidi ya saa 21 injini ilizimika na haikuwaka tena. Barafu ilikuwa imeziba tundu la hewa la tangi la mwisho. Mafuta yalikuwamo, lakini hayakushuka. Aliishusha kwenye tope la Cape Breton, Kanada, pua ikazama, akatoka akiwa na jeraha kichwani.

Barafu hatuna, lakini tuna nyigu. Tundu la hewa la tangi ni bomba jembamba linalotokeza chini ya bawa, na nyigu wa udongo hulipenda kwa kiota. Ndege ikikaa siku chache uwanjani, tundu linaweza kufungwa kwa udongo mgumu kama saruji. Ndiyo habari ya Beryl Markham katika umbo la hapa kwetu, na ndiyo maana rubani yule wa asubuhi, baada ya kikombe chake, alipitisha kidole kwenye kila tundu.

Jerrie Mock, mama wa watoto watatu kutoka Columbus, Ohio, ndiye mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa ndege. Aliondoka tarehe 19 Machi 1964 na kurudi tarehe 17 Aprili, siku 29 na nusu, katika Cessna 180 iliyokuwa na umri wa miaka 11. Njiani alipitia Casablanca, Algeria, Tripoli na Misri, ambako alitua kwa makosa kwenye uwanja wa kijeshi kabla ya kuruhusiwa kwenda Cairo. Kwa mnunuzi wa leo somo liko kwenye umri wa ile ndege. Ndege ndogo haizeeki kwa miaka. Huzeeka kwa saa za injini na kutu.

Mwafrika wa kwanza kuizunguka dunia peke yake ni Ademilola Odujinrin wa Nigeria, aliyemaliza Machi 2017 kwa Cirrus SR22. Hiyo ni ndege ya kasi, yenye mwavuli unaoishusha nzima nzima injini ikikataa. Kwa lami ni nzuri sana. Magurudumu yake madogo yaliyofunikwa kwa vifuniko sitayapeleka kwenye changarawe.

Fupi zaidi, juu zaidi

Katika mashindano ya Valdez, Alaska, kuna waliotua na kusimama ndani ya mita 3. Ni ndege zilizonyolewa kila kilo, zenye matairi makubwa laini, na mafuta ya kutosha kurudi nyumbani tu. Ndugu zao wa kazi, Piper Super Cub na Husky, wanatumika Kenya kufuatilia tembo na majangili, na kwa kazi hiyo hawana mpinzani. Kwa safari ndefu wanachosha: watu wawili, mmoja nyuma ya mwingine, mwendo wa gari la haraka.

Mwaka 1960 ndege ya Pilatus Porter ilitua kwenye theluji ya Dhaulagiri, Nepal, mita 5,750, zaidi ya mita 500 juu kuliko kilele cha Batian.

Aliyekataa ushauri wa bawa

Kaskazini utaambiwa na kila mtu kwamba ndege ya porini iwe na bawa la juu: halipigi vichaka, linakupa kivuli, na unaona chini. Ni ushauri mzuri. Lakini ndege ambayo wazee wengi wa kaskazini na Lamu wanaikumbuka kuliko zote ilikuwa Piper Cherokee, ya bawa la chini. Ilikuwa ya Dakta Anne Spoerry, Mama Daktari. Alijifunza kurusha ndege akiwa na umri wa karibu miaka 45, akajiunga na Madaktari Warukao wa AMREF mwaka 1964, na akaendelea kuzuru vituo vyake hadi karibu na kifo chake mwaka 1999. Alitua na chanjo mahali ambapo kiwanja kilikuwa ni mstari uliofyekwa tu. Alikijua kila kiwanja chake, alijua mvua imekifanya nini, na kwa ujuzi huo bawa la chini halikumzuia.

Kama safari zako ni za watu watano au sita na mizigo, jibu la kawaida ni Cessna 206: nguvu farasi 300, milango miwili mipana nyuma inayoweza kumeza kitanda cha mgonjwa. Wamisionari na hifadhi za wanyama hawaiachi. Inakunywa zaidi ya lita 60 kwa saa.

Inayokunywa kinachopatikana

Hapa ndipo chaguo linapoamuliwa. Avgasi ni ya Nairobi na sehemu chache nyingine. Kaskazini ni lazima uipeleke mwenyewe kwa lori ndani ya mapipa, ama upange safari kwa kurudi kila mara pale ilipo. Jet A-1, ambayo ni jamaa wa mafuta ya taa, inapatikana katika viwanja vingi zaidi, kwa sababu Cessna Caravan zinazobeba watalii, wagonjwa na misaada hutumia hiyo.

Ndiyo maana rekodi ninayoithamini kuliko zote kwa ajili yetu haina mbwembwe. Agosti 2004, Diamond DA42, ndege ndogo ya injini mbili za dizeli zinazotumia Jet A-1, iliruka kutoka Newfoundland, Kanada, hadi Porto, Ureno, bila kutua, kwa saa 12 na nusu. Injini zote mbili kwa pamoja zilikunywa kama lita 22 kwa saa. Ni pungufu ya Cessna 172 yenye injini moja.

Njia ya pili ni petroli ya gari. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha Sling 4, ndege ya viti vinne iliyobuniwa nchini mwao, kwa wiki tatu, na baadhi yao wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo wakiongozwa na Megan Werner, msichana wa miaka 17. Injini za Rotax zinazofungwa kwenye ndege hizi zinakubali petroli safi ya kituo cha kawaida. Kituo kipo Isiolo, kipo Marsabit, kipo Moyale. Lakini petroli ya gari huchemka upesi kwenye joto, ikafanya mapovu ndani ya mirija, na injini ikakohoa saa unayoihitaji. Kwa hiyo paa asubuhi, chuja kila tone, na usome maagizo ya mtengenezaji kabla ya kumsikiliza mwenye pampu.

Kwa hesabu zangu, mtu mwenye familia ndogo na mfuko wa wastani anayekaa Isiolo atafute Cessna 182. Ina nguvu farasi 230, kilomita 260 kwa saa, na matangi ya lita 329 yanayotosha zaidi ya saa sita. Ni avgasi, ndiyo, ila inaweza kwenda Lodwar au Mandera na kurudi Wilson bila kuomba mafuta njiani. Zanzibar ni kama kilomita 750, saa tatu: jaza lita 210 tu, na watu wazima wanne wanapanda. Mwenye fedha nyingi anunue ya Jet A-1 na asitazame nyuma.

Rubani yule wa asubuhi alikuwa na 182. Abiria wake walikuwa mama mmoja na wanawe wawili wakubwa, wanakwenda Marsabit. Kila begi alilitundika kwenye mizani ya ndoano, aina ile ya buchari, akaandika kilo kwenye daftari. La nne lilipofika alisimama, akajumlisha tena.

“Mama, hili litabaki,” alisema.

“Kapteni, hilo ndilo lenye zawadi za watoto.”

“Basi chagua kati ya hili na lile la vitabu.”

Alichagua. Kijana wa bodaboda alilichukua begi la vitabu hadi mjini, likapakiwa kwenye basi la Moyale. Ndege ilipaa saa moja kasorobo, ikainuka kabla ya nusu ya lami, ikageukia kaskazini.